Siku Niliyomuua Bakari

Majuzi usiku mwanangu kanikuta kwenye ukurasa wa kubadilisha majina. Mnaoijua XCOM, gemu ya vita ya kompyuta, mnaujua: askari kasimama na bunduki yake, nawe unaruhusiwa kulifuta jina alilokuja nalo ukampa lolote utakalo. Mtoto akasoma, akaelewa upesi kuliko nilivyotaka, akasema, "Baba, huyu mwite mimi."

Nikamwambia akalale, kesho shule.

"Kesho Jumamosi," akasema.

Nikabaki nimeduwaa, vidole juu ya kibodi, kama vile Bibi bado yupo uani anakuna nazi na kila neno linamfikia.

Mwaka 2014 nilikuwa nakaa kwake Ngamiani, Tanga, chuo nimemaliza, kazi sina. Gemu niliipata ndani ya flashi ya rafiki, pamoja na nyongeza yake, Enemy Within, iliyotoka mwishoni mwa 2013. Asubuhi natuma barua za maombi, jioni naokoa dunia. Viumbe wa angani wanashuka mijini kuteka watu, na kamanda ni wewe. Unapeleka kikosi cha watu wanne, baadaye hadi sita, mnacheza kwa zamu kama bao: unasogeza wako, wanasogeza wao. Akifa mtu, kafa. Mimi tena, kwa ujuaji, nilichagua Ironman, ambayo inajisevu yenyewe juu ya ile ya nyuma, usipate pa kurudi kuufuta ujinga wako.

Kuumizwa na gemu hakukuwa kugeni kwangu. Kwenye banda la PS tuliwahi kunyamaza watu wanane kwa mpigo siku Jenerali Shepherd alipompiga risasi Ghost, kwenye Modern Warfare 2. Wewe ndiye Roach, umejeruhiwa, Ghost anakuburuta huku mabomu yanaanguka mpaka mnaifikia helikopta, Shepherd anauliza kama mnayo ile data, anaambiwa ipo, anakufyatulia. Kisha Ghost. Kisha petroli, na sigara inayowaka. Mwenye banda, mtu asiyesamehe hata nusu dakika, alisahau kuangalia saa.

Iliuma, sikatai. Lakini Ghost aliuliwa na mtu aliyekaa mahali akaandika kwamba atakufa. Cheza uwezavyo, Shepherd yuko palepale anamngoja. Unasikitika, unarudisha padi, unalipa, unakwenda zako, huna dhambi. Kule XCOM askari wanakuja na majina ya kubahatisha, huyu Mmisri, yule Mnaijeria, hawana historia, hawana mke wanayemtajataja ili ujue wako karibu kufa. Mapenzi unayaleta mwenyewe kutoka nyumbani.

Nikayaleta. Mjomba Ali, ambaye hamezi Panadol bila kutoa wasia, gemu ilimfanya mganga wa kikosi. Mwanaidi, binti wa mama mdogo, ikamfanya mdunguaji, na ilimfaa, maana tangu utotoni ndiye anayeona nani kachukua mnofu wa mwisho. Na kaka yake, Bakari. Mimi na Bakari tumezaliwa mwaka mmoja na tumetiwa jando siku moja. Yeye alipewa kazi ya Assault, wale wa kuukimbilia moto. Gemu ilimjuaje? Huyu ndiye aliyejirusha kule Raskazone maji yakiwa yameshakupwa, akatoka goti limepasuka na anacheka. Nikamwekea na ndevu, ambazo Bakari wa kweli alikuwa bado anaziomba kwa Mungu.

Wiki ya tatu alikuwa Meja, ameua viumbe 34. Mara mbili Mwanaidi alikosa risasi ambayo gemu ilisema ina asilimia 95 ya kupata, na mara zote mbili kaka yake alikimbia akaimalizia kazi. Nikawa nawasemesha. "Tulia bwana, jikinge," namwambia mtu aliyeumbwa kwa nukta za rangi, na moyo wangu unatulia akijikinga.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Alasiri. Bakari wa nyama na damu alikuwa amevuka kwenda Pemba siku mbili nyuma, msimu wa karafuu, kwa jahazi, na kuaga kwenyewe aliaga mlangoni akiwa ameshavaa viatu. Kumbukeni ilikuwa miaka gani: Septemba 2011 ilizama Spice Islander, Julai 2012 ikazama Skagit. Mzee wa pwani mwenye mjukuu majini halali usingizi wote. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa na hedifoni masikioni.

Kwenye Enemy Within kuna makopo ya Meld, dutu ya kuwaimarishia askari, yanayotupwa huku na huku uwanjani, kila moja linahesabu zamu, zikiisha linajilipua. Kopo la pili lilikuwa limebakiwa na zamu moja. Bakari peke yake ndiye angelifikia, tena kwa mbio, na mbio maana yake anaishia peupe, hana pa kujibanza, mbele yake giza ambalo hakuna aliyelichungulia. Kila aliyecheza anajua kwamba hupeleki mtu gizani kwa hatua yake ya mwisho. Nami nilijua. Nilikaa kama dakika nzima kidole kiko juu ya kipanya, nalitazama lile lori lililoegeshwa, nalitazama kopo pembeni yake. Nikajiambia, ni Bakari huyu. Nikabonyeza.

Akakimbia, mabega mbele, kamera ikimfuata chini chini. Akalipata kopo. Nilitabasamu. Kisha kamera ikamwacha, ikapita juu ya lori, na nyuma ya lori zilikuwepo Chryssalid tatu.

Asiyelijua dudu hili afikirie kaa mwenye urefu wa mtu, miguu yake ni sindano za kushonea magunia. Moja tuliliua. Mawili yakabaki, na zamu yetu ikaisha. La kwanza lilimchoma, akabakiwa na vidoti viwili vya uhai. Nikasema, simama, simama hivyohivyo. La pili halikumbakisha.

Mwenzako akifa, gemu inaupima moyo wa aliyebaki. Ya kwangu ilimpima Mwanaidi, ukashindwa, akajikunyata nyuma ya ukuta akaipoteza zamu. Na alipokuwa amejikunyata hivyo, Bakari akainuka. Ndiyo kazi ya madudu yale, anayeuawa nayo huamka hana roho, na usipomuua wewe, baada ya zamu chache anapasuka linatoka dudu jipya. Alikuwa anatembea, mikono inaning'inia, anaelekea kwa dada yake. Mwenye nafasi ya kumlenga alikuwa mmoja tu. Asilimia 95.

Safari hii Mwanaidi hakukosa.

Kwa ushahidi wa majirani, nilichopiga kelele ni hiki: "Bakari kafa! Yarabi, Bakari kafa, nimemuua mimi!" Sikujua sauti yangu imefika wapi, hedifoni zilikuwa juu kabisa. Nikaendelea kucheza. Kama robo saa hivi, maana lilibaki dudu moja na nilikuwa na kisasi nalo.

Nilipovua hedifoni nikasikia uani watu wengi wanaongea kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, kipande cha nazi bado kiko mkononi, kanga imemtoka begani hakuirudisha, anarudia Inna lillahi taratibu kama anayehesabu. Jirani wa nyumba ya pili ameshatandika jamvi. Wanawake wanne wameshajitanda. Kijana mmoja katumwa msikitini, mwingine anauliza viti vitatoka wapi. Wote wakageuka kunitazama, nami macho mekundu, kwa sababu, nikiri tu, machozi yalikuwa yamenitoka.

"Nani kakupigia?" jirani akauliza.

Nimewahi kukaa kwenye usaili wa watu saba, lakini sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nikaanza kueleza. Kwamba si Bakari, ni askari anayeitwa Bakari. Kwamba yumo kwenye laptopu. Kwamba kauliwa na dudu, halafu na Mwanaidi. Nilipofika kwa Mwanaidi, jirani alikwisha kuziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika, na mtoto mmoja alikuwa mbioni kumrudisha yule wa msikitini kabla halijatangazwa la kutangazwa. Uani wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Bibi hakucheka. Alirudisha kanga begani.

"Uchuro huo," akasema. "Maneno huumba. Nani mwingine umemtia humo?"

Nikamtajia. Mjomba Ali. Mwanaidi. Wengine wawili.

"Na wewe umo?"

"Simo, Bibi."

"Ahaa." Akanitazama kidogo. "Umewatia wenzio vitani, mwenyewe umekaa kitini." Akaendelea kukuna nazi yake.

Halafu, bila kuinua uso: "Mpigie."

Nikapiga. Namba unayopiga haipatikani. Saa kumi na moja na nusu haipatikani, Magharibi haipatikani, Isha haipatikani. Wali wa nazi uliiva, ukapakuliwa, ukapoa. Naona haya kuandika, lakini kufika saa mbili usiku mimi, kijana niliyesoma, nilikuwa nimeanza kuamini. Nikafungua laptopu nikaenda kambini, kwenye ukuta wa majina ya waliokufa. Jina lake lilikuwepo. Nilitafuta hadi kwenye mafaili ya gemu kama kuna mahali imejisevu kabla ya lile lori. Hakuna, niliyataka mwenyewe.

Saa tatu kasoro simu ikaita. Bakari, yuko Wete, betri iliisha, kachaji kwa muuza duka, na mbona anaona kila mtu kampigia? Nikampa habari yote kwa mkupuo. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akauliza, na hapo sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, kama anayetaka kweli kujua:

"Sasa nilikufaje?"

"Ulikuwa unawaokoa wenzio," nikamwambia.

"Najijua," akasema.

Bibi akaichukua simu. Hakusema neno, alisikiliza tu pumzi za upande wa pili kwa muda, halafu akamuuliza kama kala. Kesho yake nilitumwa kupeleka maandazi kwa watoto wa madrasa, sadaka, kwa pesa iliyotoka kwangu, yaani iliyotoka kwake.

Mpaka leo sijajua nililia nini. Nimejaribu kusema nilimlilia Bakari, lakini Bakari alikuwa Wete anakula pweza. Na yule mwingine, kusema kweli, alikuwa ndevu na namba. Pengine kilichoniliza ni ile dakika moja ya kipanya, kwamba nilijua na nikabonyeza, na sababu niliyojipa ni kwamba huyu ni Bakari, atatoka tu. Shepherd alimpiga Ghost kwa sababu iliandikwa. Ya kwangu haikuandikwa popote. Au labda nakuza mambo, ilikuwa njaa, siku nzima sikuwa nimekula. Hilo kopo la Meld wala sikumbuki nililifanyia nini.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Bakari yuko Muscat, anaendesha lori la maji, ana ndevu za kutosha. Kila Idi ananiandikia salamu, na chini yake: nimeshafufuka? Naye anajua mpaka leo kwamba alikufa akiwaokoa wenzake. Habari ya kopo sijamwambia, na kama anasoma hapa, basi.

Mwanangu nimemwandika. Nilishindwa kumnyima, alirudi Jumamosi asubuhi kabla sijanywa chai. Safari hii na mimi nimo, jina langu kamili, na ninajipanga mbele. Yeye nimemweka kambini. Tumepiga misheni saba na hajatoka hata moja. Jana kaja, kasoma orodha kwa kidole, akakunja uso.

"Mbona wewe Kapteni, mimi kuruta?"

"Unalinda kambi."

Aliridhika, akaenda kumwambia mama yake kwamba yeye ndiye mlinzi wa kambi. Sijamwambia kwamba kwenye Enemy Within kuna siku viumbe huivamia kambi yenyewe, na siku hiyo mimi sichagui nani atoke. Inachagua gemu.