Jaketi za theluji Kibuye

Jumapili nilifungua belo la jaketi nzito za mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu. Ukishakata kamba unawahi kuchagua kamera, yaani zile bora kabisa, kabla wateja hawajakuvuruga. Ya kwanza kushika mkononi ilikuwa ya kijani, ya kiume, ina kamfuko kadogo kwenye mkono wa kushoto. Ndani nikakuta tiketi ya lifti ya kuteleza kwenye theluji: siku moja, euro 54. Hiyo ni zaidi ya shilingi 7,000, na ni ya kupandishwa mlimani tu. Zile mbao za miguuni, viatu, hoteli na mwalimu havijaguswa. Jaketi yenyewe kijana wa boda aliichukua kwa 900, tena akinung'unika.

Za wanaume hazilali. Vijana wanazivaa hata saa saba mchana, jua la Kisumu likichoma. Wanasema upepo wa barabara ya Kakamega hauna huruma. Zinazonilalia ni za kike, za rangi ya waridi, zilizobanwa kiuno. Stendi yetu ina mwanamke mmoja tu anayeendesha boda. (Tena za kike zina mifuko michache. Sijui nani aliamua kwamba mwanamke akishuka mlima hana cha kubeba.)

Huyo kijana wa 900 akaniambia, "Lakini mathe, hata sisi tumewahi kuteleza. Si kuna Boit?" Kweli. Philip Boit, Mkenya mwenzetu, alikwenda kuteleza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, 1998, akamaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Nikamuuliza: nani alilipa? Nike ndio waliompeleka Finland kujifunza.

"Na Sabrina Simader, yule dada anayeteleza?" nikamuuliza tena. Huyo hakumjua. Mzaliwa wa Kilifi, kwenye joto kama letu. Mamake alihamia Austria, na baba wa kambo alikuwa na lifti yake mwenyewe. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, Kenya nzima ilikuwa na mwanamichezo mmoja tu: huyo Sabrina. Watu husema Mkenya hawezi theluji kwa sababu ya jua. Omera, jua la Kilifi halikumzuia mtoto aliyepata mlima, na lifti nyumbani.

Na hata wenye milima yao walibaguana. Wanaume waliruka kwa mbao hizo kwenye Olimpiki tangu 1924. Wanawake waliruhusiwa 2014. Miaka tisini! Mimi hapo nilinyamaza, nikakunja jaketi.

Jioni akapita yule dada wa boda. Akaivaa ya waridi, akainua mikono kama ameshika usukani, akaona haimbani mabegani. Tulianza 700, tukaishia 500.

"Haka kamfuko ka mkononi ni ka nini?"

"Ka tiketi."

Akatia humo chenji yake, akafunga zipu, akapiga pikipiki stati.