Modeli ya kaboni na miamba: mvua imeingia, milima nayo imeingia

Haya wadau, modeli imesogea. Kwa mliokuja sasa hivi, ni kitu kidogo tu: volkano zinatema CO2 (hewa ya ukaa), mvua inaibeba inakuwa asidi dhaifu, asidi inakula miamba ya silikati kama basalti na granaiti, kalisi inashuka na mito hadi baharini, viumbe wanajengea magamba, magamba yanazama na kaboni inazikwa huko chini. Mawe ya chokaa nimeyaacha nje makusudi, maana mvua ikiyala CO2 inachukuliwa kweli ila bahari inairudisha magamba yakijengwa, kwa mamilioni ya miaka jibu ni sifuri.

Volkano nimezipa mol (kipimo cha kuhesabia molekuli) trilioni 7 za CO2 kwa mwaka, yaani kaboni gigatani 0.084 hivi (gigatani ni tani bilioni moja). Hewa na bahari kwa pamoja zina kama gigatani 38,000, kwa hiyo nikizima kulika kwa miamba kaboni inakuwa maradufu ndani ya miaka laki nne na nusu tu, na kwa umri wa dunia hiyo ni jana. (Binadamu tunatoa karibu gigatani 10 kwa mwaka, anayesema shida ni volkano apige hesabu mwenyewe.)

Kinachookoa ni wazo la wanasayansi Walker, Hays na Kasting la 1981: joto likipanda mwamba unalika haraka, CO2 inapungua, joto linarudi chini. Nimeweka joto lipande nyuzi 3 kwa kila CO2 ikijirudufu, nishati ya uamilisho (inayoamua joto linaharakisha kulika kwa kiasi gani) kilojuli 60 kwa mol, nikazidisha volkano mara 2. CO2 ikapanda toka 280 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa) ikapita 1,800, nyuzi 8 na ushee, kali mno. Sasa toleo jipya lina mvua, maji ya mito yanaongezeka asilimia 3 kwa kila nyuzi moja, na hapo CO2 inatulia 1,100 na kitu, joto nyuzi 6. Yani mvua peke yake imeshusha ppm 700 hivi, ndo maana siielewi modeli inayoangalia joto tu.

Milima sasa, hapa ndo patamu. Wanasayansi Raymo na Ruddiman walieleza 1992 kwamba kuinuka kwa Himalaya na Tibet kulipoza dunia, mlima ukipanda mwamba mpya unakaa wazi muda wote. Nikafanya miamba iwe rahisi kulika mara 2, volkano nisiziguse. CO2 ikaporomoka chini ya 80 ppm, baridi ya nyuzi karibu 6, lakini angalia mstari wa kaboni inayozikwa kwa mwaka: unaruka mwanzoni halafu unarudi palepale mol trilioni 7! Ni kama tangi lenye bomba juu na tundu chini, ukipanua tundu maji yanayotoka mwishowe yanalingana na yanayoingia, kilichobadilika ni kimo cha maji. Kwa hiyo mlima haumezi kaboni zaidi miaka yote, unachofanya ni kuiwezesha dunia kumaliza kazi ileile ikiwa na baridi, na mtu akiniambia kwamba milima iliongeza uzikaji wa kaboni kwa miaka milioni 40 mfululizo namuuliza hiyo kaboni ya ziada ilitoka wapi, hewa ingeishiwa kaboni zamani sana.

Mara 2 kwa dunia nzima ni kubwa mno lakini, Himalaya ni kipande tu, nimeiweka hivyo ili grafu ionekane vizuri.

Kinachofuata ni mimea, mizizi inatia asidi kwenye udongo na GEOCARB, modeli ya kaboni ya mwanasayansi Berner, iliipa uzito mkubwa. Pia basalti nitaitenganisha na granaiti, inalika haraka zaidi na visiwa vya volkano vya tropiki ni vidogo ila vina mvua nyingi, nahisi vitabeba mzigo kuliko ukubwa wao. Jua nalo bado liko na mwanga wa leo, nikirudi nyuma hadi lilipokuwa hafifu kwa karibu asilimia 30 sijui ka namba zangu zitahimili, hilo nitaligusa mwisho.