Mtumbwi kichwani: siku yangu moja Rutamba

Saa 10:30 alfajiri. Mama ameniwahi, anachemsha ming'oko, mizizi ya porini, ya kubeba. "Huyo mgeni wako anaijua hii?" Nikamwambia akishapiga kafi saa mbili ataijua tu. Kiangazi nasindikiza wageni. Korosho zikianza kudondoka, mnanitafuta shambani.

Saa 12 asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, umeamkaje?" Mzee huyu anatoka Minnesota, Marekani. Aliwahi kufundisha hesabu nchini kwetu, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Anasema kwao, mpakani na Kanada, kuna hifadhi inaitwa Boundary Waters, yenye maziwa zaidi ya 1,000. Mtu anapiga kafi ziwa likiisha, anajitwika mtumbwi mpaka ziwa la pili, anapiga hema. Hata wiki nzima, kwa raha zake. Alipoona kwenye ramani maziwa ya huku kwetu Lindi, Lutamba na Tandangongoro, na msitu wa Litipo, hakutaka kusikia pengine.

Saa 1. Yeye kwenye boti yake ya mpira ya kujaza upepo, mimi na mizigo kwenye mtumbwi wa mjomba. Ni wa mwembe, umechongwa kabla sijazaliwa, na una ufa uliozibwa kwa matambara na lami. Mjomba nyuma na upondo, mimi nachota maji kwa kidumu kilichokatwa. Mzee akauliza kama na huu tutaubeba. Mjomba alicheka mpaka upondo ukamponyoka. Gogo lile linataka wanaume sita na sufuria ya ugali.

Saa 3. Hapa ndipo hela yangu ilipo. Ziwa la Lutamba limeisha, Mjomba akarudi kwake, tukabaki nchi kavu na boti ya kilo 14, hema, sufuria na begi la mzee ambalo sijui alipakia mawe. Mzee hakutaka upepo utolewe, eti kubeba ni kubeba. Nikasokota kanga ya mama nikapata ngata, boti ikakaa kichwani kama paa. Kwao wanabeba mabegani, kuna ubao umechongwa kufuata shingo. Zamani, wachukuzi wa biashara ya ngozi walitundika mzigo kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, mafurushi mawili kwa safari, kila moja kilo 41. Nikawafikiria wapagazi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu Lindi na Kilwa. Na wao shingo ziliwauma hivihivi, ila wao hawakuwa wametoka kutembea.

Njia za kubebea mitumbwi kwao hazipimwi kwa kilomita. Zinapimwa kwa fimbo. Fimbo moja ni karibu mita 5, urefu wa mtumbwi mmoja, na fimbo 320 zinafanya maili. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Mimi nahesabu mapumziko: tulitua mara nne. Mara ya tatu kwenye kichaka cha miiba, na hilo kosa ni langu.

Saa 6 mchana. Tandangongoro. Tumeteremsha boti majini, ikaanza kulegea upande mmoja taratibu, kama mtu anayesinzia msikitini. Mzee hata hakukunja uso. Akapaka maji ya sabuni mpaka mapovu yakaonyesha tundu, akakwangua, akapaka gundi, akabandika kiraka. Gundi ikauke kwanza. Tukala ming'oko. Alikula na maganda, sikumkataza kwa wakati.

Saa 9. Tulizunguka ziwa ukingo kwa ukingo. Hakuna la kusimulia, upepo ulikuwa mzuri.

Saa 12 jioni. Nimepiga hema, nimebanika perege wawili wa kununua. Mzee katundika chakula chote juu ya mti kwa kamba. Kwao dubu wanaiba. Nikamwambia hapa mwizi ni nyani, na juu ya mti ndiko kwake.

Saa 3 usiku. Akaniomba nizime tochi. Kuna komba wa Rondo, mdogo, gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimpa jina lake miaka ya 1990, na anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, Litipo kikiwemo. Tulikaa kimya muda mrefu. Kitu kikalia juu yetu, kikanyamaza, kikalia tena mbali zaidi. Mzee akanishika mkono kama mtoto.

Sasa anakoroma. Kesho tunarudi njia ileile. Kanga nimeshaisokota, nimeiweka kichwani mwa mkeka.