Kontena la kwanza lilioza, la pili likafika salama: parachichi zetu kutoka Njombe mpaka Rotterdam

Mwezi wa tano 2024 tulipakia kontena letu la kwanza la parachichi aina ya Hass kwenda Rotterdam, Uholanzi, sisi wakulima 14 wa Njombe tuliojiunga, mi nikawa msimamizi wa mzigo maana nilishafanya kazi misimu miwili kwenye pakihausi, pale matunda yanapochambuliwa na kufungashwa, na barua pepe za mnunuzi nilikuwa nazijibu mimi. Paleti 20, zile chaga za mbao za kupangia maboksi, kila paleti boksi 264 za kilo nne nne, jumla boksi 5,280, yaani tani 21 na ushee za jasho la watu. Siku 43 baadaye mnunuzi akanitumia picha. Amelikata tunda katikati kwa kisu, nje linapendeza tu, ndani nyuzi nyeusi zimetambaa kuanzia kwenye kikonyo mpaka kwenye kokwa na nyama imekuwa ya kijivu. Niliiangalia ile picha nimekaa kwenye ngazi za nyumbani mpaka giza likaingia.

Zaidi ya nusu ya mzigo ulitupwa, na kule kutupa nako kunalipiwa. Kilichobaki kiliuzwa kwa bei ya hasara. Bima wakagoma kulipa, wakasema mzigo uliingia kontenani ukiwa tayari na joto, na kusema kweli walikuwa sahihi, iliniuma lakini ndo ukweli.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki hapa. Kontena la baridi, lile wenyewe bandarini wanaita rifa, halikutengenezwa kupoza matunda, limetengenezwa kulinda ubaridi ambao umeshauweka wewe mwenyewe. Ukiingiza parachichi zina nyuzi joto 6 litakufikishia na 6, ukiingiza zina 19 mashine itahangaika siku na siku na matunda ya katikati ya paleti yatakuwa bado ya moto, na parachichi ni kitu hai, linapumua hata baada ya kuchumwa, likipumua linatoa joto lake lenyewe na linatoa ile gesi ya kuivisha, ambayo inaivisha na mwenzake wa pembeni. Sisi tulichuma mpaka saa nane mchana, tukapanga boksi, jioni ile ile tukapakia, tukafunga mlango tukapiga makofi. Loga, kale kakidude ka kurekodi joto tunakokaweka ndani ya boksi, ilionyesha mzigo umeanza safari na nyuzi 18 na ulichukua karibu siku sita kushuka mpaka 7. Halafu mwanzoni mwa mchoro kuna sehemu joto linapanda taratibu kwa masaa kama matano, usiku wa kwanza kabisa, lori likiwa bado barabarani. Jenseti, ile jenereta inayolipatia kontena umeme likiwa njiani, ilikuwa imezima na hakuna aliyetuambia.

Na hapo jumlisha na njia yenyewe. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, hiyo ni kama wiki mbili za ziada juu ya safari ya kawaida. Tunda ambalo lingevumilia makosa yako kwa siku 28 halivumilii kwa 43.

Kuwarudia wakulima ndo ilikuwa ngumu kuliko yote. Mzee mmoja ana miti 200, aliniambia mbele ya kikao, "Binti, tupe hesabu kwanza, matunda baadaye." Nikawapa hesabu yote, karatasi kwa karatasi, na ule mchoro wa loga niliuprinti nikaubandika ukutani nikawaonyesha siku kwa siku. Tisa wakabaki, watano wakatoka na siwalaumu. Tulinunua kwa majirani kujazia.

Msimu uliofuata, mwezi wa nne 2025, tulibadilisha karibu kila kitu. Kwanza hatukuchuma kwa macho. Tunda la Hass halibadiliki rangi mtini kukuambia limekomaa, na madalali wanatumia hapo hapo kuwadanganya watu wachume changa. Ukomavu unapimwa kwa kukausha maji, unakata vipande vyembamba vya nyama, unapima gramu 10, unaweka kwenye maikrowevu kidogo kidogo huku unapima tena mpaka uzito ugome kushuka. Ikibaki gramu 2.4 maana yake una asilimia 24 ya kitu kikavu, na mnunuzi wetu alitaka isipungue hapo. Shamba moja la kule juu lilitoa 20, tukaliacha wiki tatu, mwenye shamba akanuna lakini akasubiri.

Kuchuma ni alfajiri mpaka saa nne basi, kwa mkasi, unaacha kikonyo kifupi, tunda haligusi chini, kreti zinakaa kivulini. Afu hapo ndo tukalipia chumba cha kupozea chenye feni za kuvuta hewa ipite katikati ya maboksi, maana kuweka paleti kwenye chumba baridi tu hewa inazunguka nje nje, katikati panabaki moto. Masaa kumi na kitu. Mi mwenyewe nilikuwa nachukua ile pima joto yenye sindano nachoma tunda la katikati ya paleti mpaka karibu na kokwa, natulia, nasoma. 11. Baada ya masaa mawili 8. Saa tisa usiku ikasoma 6.1 nikawaamsha vijana wa kupakia.

Kwenye kupakia kuna mambo madogo yanayoua mzigo. Hewa ya baridi inatokea chini, inapita kwenye zile reli za sakafu, inapanda kupitia matundu ya maboksi, inarudi juu kwenye mashine. Hewa ni mvivu, inapita pale penye upenyo, kwa hiyo ile nafasi inayobaki mlangoni kwenye sakafu tuliifunika kwa makadibodi, matundu ya maboksi tukahakikisha yanakutana, na juu hatukuvuka mstari mwekundu unaoonyesha mwisho wa kupanga mzigo. Mashine inazimwa mlango ukiwa wazi, la sivyo inavuta hewa yenye unyevu ya nje na maboksi yanalowa. Rafiki yangu anasafirisha pweza wa kugandisha, yeye kwake ni kinyume, anapakia kitu kimeshikana kama tofali kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, maana pweza aliyeganda hapumui na hewa inatakiwa izunguke pembeni tu. Nilivyomweleza yangu alishangaa kama nilivyomshangaa yeye.

Jingine, alama. Kwenye karatasi ya kuagizia kontena niliandika joto kwa tarakimu na kwa maneno, "juu ya sifuri", maana kialama kimoja cha kutoa kikiingia kwa bahati mbaya parachichi zako zinaganda na hakuna wa kumlilia. Nilidai na cheti kwamba kontena limekaguliwa likiwa tupu. Safari hii pia tulichukua lile la kudhibiti hewa, oksijeni inashushwa mpaka asilimia chache na kabonidayoksaidi inapandishwa, tunda linakuwa kama limelala. Ni ghali. Kwa njia ya kuzunguka Rasi sioni namna ya kulikwepa.

Na lori nililipanda mwenyewe. Makambako, Mafinga, Iringa, tukashuka Kitonga taratibu, na tulivyofika Ruaha Mbuyuni msaidizi wa dereva akanigusa bega, "Dada, jenseti imenyamaza." Saa sita usiku. Moyo wangu ulienda mbio sana. Kumbe chujio la dizeli limeziba, na safari hii tulibeba la akiba, dakika 40 likawaka tena. Nilifungua simu nikaandika saa na dakika, na nikaangalia namba kwenye kioo cha kontena, hewa inayorudi ilikuwa imepanda kwa nyuzi moja tu. Mzigo uliopozwa vizuri unajitunza, tani 21 za ubaridi haziondoki kwa dakika 40. Mwaka wa kwanza hatukuwa na ubaridi wa kuupoteza.

Dar wakala wetu alikuwa na karatasi zote tayari, cheti cha afya ya mimea na vingine, kontena likachomekwa umeme bandarini usiku ule ule. Siku 41 baharini. Nilikuwa nikiamka nafungua simu kuangalia meli iko wapi, Durban imepita, Cape Town imepita, Senegali, nikawa naijua Atlantiki kuliko mtaa wetu.

Picha ilikuja Jumanne asubuhi. Tunda limekatwa, kijani pembeni, njano katikati, safi. Matunda yaliyokataliwa hayakufika boksi 100. Nilimpigia yule mzee wa miti 200 kabla sijamwambia mtu mwingine, akanyamaza kidogo kwenye simu, akauliza hela zinaingia lini. Ziliingia baada ya wiki tatu, tukakata deni la mwaka wa kwanza tukagawana zilizobaki, na wawili kati ya wale watano walioondoka wameshaleta majina yao kwa msimu ujao.