Kiti cha magurudumu kinachokunjwa: pima mwili kabla ya kuuliza uzito

Watu wengi wanapotafuta kiti cha magurudumu kinachokunjwa huanza na maswali matatu: kina kilo ngapi, kikikunjwa kinabaki na unene gani, na je, kitaingia kwenye buti la gari? Ni maswali ya maana, lakini hakuna hata moja linalogusa mwili wa mtu atakayekaa humo saa nane au kumi kwa siku. Kiti chepesi ambacho vipimo vyake havimfai humfanya aegemee upande mmoja, humuumiza mabega, na taratibu humtelezesha mbele hadi awe anakalia kifandugu badala ya makalio. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununulia kiti ni tepu ya fundi cherehani.

Mkalishe mtu kwenye kiti kigumu, si kwenye sofa wala kitandani. Nyayo ziguse sakafu, au ziwekewe kitu chini hadi mapaja yalale sawa. Avae nguo na viatu vya kila siku. Kama hawezi kukaa wima peke yake, mtu mmoja amshike na mwingine apime.

Upana ndicho kipimo kinachokosewa zaidi. Simamisha vitabu viwili vyenye jalada gumu, kimoja kila upande wa nyonga au mapaja, pale palipo papana zaidi. Vigusane na mwili bila kuubana, kisha pima nafasi kati yao. Ongeza sentimita 2 hadi 3 kwa jumla. Si kila upande. Viti vya watu wazima mara nyingi huuzwa kwa upana wa sentimita 41, 46 na 51, kwa hiyo mwenye nyonga za sentimita 38 anafaa kiti cha 41. Hapo ndipo ndugu na wauzaji wenye nia njema hukosea: humpa cha 51 "ili ajinafasi". Ile nafasi ya ziada si raha. Mwili huangukia upande mmoja, uti wa mgongo unapinda, na mikono inalazimika kutanuka mbali ili kuyafikia magurudumu, jambo ambalo mabega hayawezi kulivumilia kwa muda mrefu.

Upana huo huo ndio unaoamua kama kiti kitapita mlangoni. Kiti chenye magurudumu makubwa ya nyuma huwa kipana kwa nje kuliko pa kukalia kwa takribani sentimita 18 hadi 20. Cha 46 hufika karibu 65. Pima milango ikiwa imefunguliwa, kuanzia kwenye ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili, maana ubao wenyewe hula sentimita kadhaa. Mlango wa choo au bafu ndio wa kupimwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndio mwembamba kuliko yote nyumbani.

Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 5, yaani nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na mguu. Pima miguu yote miwili, na kama inatofautiana fuata ulio mfupi. Kiti chenye kina kirefu kupita kiasi hugonga nyuma ya goti, na mtu hujitelezesha mbele ili kujiokoa. Kikiwa kifupi, mapaja hayabebi chochote na uzito wote unayaelemea makalio.

Vikanyagio, yaani pa kuwekea nyayo, hupimwa kutoka nyuma ya goti hadi kisigino cha kiatu. Vikiwa juu mno, magoti huinuka na uzito hurudi kwenye mifupa ya makalio; vikiwa chini mno, miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unakata mapaja. Baada ya kurekebisha, ibaki nafasi ya angalau sentimita 5 kati ya kikanyagio na ardhi, la sivyo kitakwama kwenye kila kizingiti. Maegemeo ya mikono yakae usawa wa kiwiko kilichokunjwa nyuzi 90, mabega yakiwa yamelegea. Egemeo la mgongo kwa anayejisukuma liishie chini kidogo ya makombe ya bega ili mikono iende nyuma kwa uhuru; kwa anayesukumwa na anayechoka haraka, liwe juu zaidi.

Vipimo hivi vyote vya wima huhesabiwa mto ukiwa tayari juu ya kiti. Mto wa sentimita 8 ukiongezwa baadaye huinua mwili wote: maegemeo yanakuwa chini, vikanyagio vinakuwa mbali, na kuhamia kitandani kunabadilika.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo viti vya kukunjwa vimebeba tangu mwanzo. Muundo wa mabomba mawili yanayopishana chini ya kiti kwa umbo la X ulienea kuanzia miaka ya 1930, kutokana na kazi ya Wamarekani Herbert Everest, aliyeumia mgongo kwenye ajali ya mgodi, na Harry Jennings. Ni muundo mzuri kweli: kiti hukunjwa kwa kuvutwa juu tu, na kwa kuwa fremu hucheza kidogo, magurudumu yote manne hubaki yamegusa chini hata njia ikiwa na mabonde. Lakini ili kiti kikunjike, pa kukalia lazima pawe kitambaa. Kitambaa hulegea, na kikilegea hushuka katikati: mapaja yanaingia ndani, magoti yanagongana, nyonga inainama upande. Simama mbele ya aliyekaa umtazame. Ukiona magoti yamesogeleana na bega moja liko chini, usikimbilie kumwekea mito ubavuni; tazama kwanza kitambaa. Dawa yake ni mto wenye kitako kigumu, au ubao imara uliokatwa kwa kipimo cha kiti na kuwekwa chini ya mto. Ubao huo utolewe kabla ya kukunja.

Mto si nyongeza. Anayekaa muda mrefu, hasa asiyehisi vizuri kwenye makalio au asiyeweza kujiinua, anaweza kupata vidonda vya mgandamizo kwa sababu damu haipiti pale mfupa unapoukandamiza mwili. Sponji nzuri yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, iliyochongwa kupokea makalio, inawafaa wengi. Kwa aliye hatarini zaidi kuna mito ya jeli na ya vyumba vya hewa. Mto wa hewa unahitaji mtu wa kuukagua kila siku. Kama nyumbani hakuna atakayefanya hivyo, sponji nzuri ni salama kuliko mto wa hewa uliopwaya. Kuukagua ni rahisi: mtu akiwa amekaa, pitisha mkono chini ya mfupa wa kalio, kati ya mto na kiti. Ukiuhisi mfupa karibu kabisa na vidole, mto umekwisha au umepungua hewa. Pabaki angalau sentimita 2.5. Epuka mto wa duara wenye tundu katikati, kwa kuwa hubana mishipa ya damu kuzunguka tundu na kuongeza hatari ileile unayoikimbia. Na mto bora hauondoi haja ya kusogea: kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele au aegemee pembeni, akisaidiwa kama hawezi.

Sasa uzito. Kiti cha kawaida cha chuma huwa na kilo 16 hadi 20, cha alumini mara nyingi huwa kati ya 11 na 15. Vile vyenye magurudumu madogo ya nyuma, ya takribani sentimita 30, huweza kuwa vyepesi zaidi, lakini aliyekaa hawezi kujisukuma kwa mikono hata hatua moja, na magurudumu hayo hukwama kwenye nyufa, kokoto na vizingiti ambavyo gurudumu la sentimita 60 linavipita. Kama mtu ana nguvu za kujisukuma mita kumi tu, kutoka sebuleni hadi chooni, tunashauri magurudumu makubwa. Kufika chooni bila kumwita mtu kuna thamani kuliko kilo tatu zilizopunguzwa.

Kwa mlezi, kinachohesabika ni uzito wa kipande kizito zaidi anachonyanyua. Toa mto, chomoa vikanyagio, na kama magurudumu ya nyuma yana kitufe katikati ya ekseli, yatoe pia. Fremu inayobaki hunyanyulika kwa wepesi zaidi. Unaporudisha gurudumu, hakikisha kitufe kimerudi nje chenyewe, kisha livute kwa nguvu. Pini isiposhika sawasawa, gurudumu huchomoka mtu akiwa safarini. Nyanyua kwa kushika fremu. Usishike maegemeo ya mikono wala vikanyagio, kwani vimetengenezwa vichomoke. Kufungua kiti kuna hila yake: bonyeza mabomba ya pembeni ya kiti kwa viganja, vidole vikielekea ndani. Vidole vilivyozungushwa kwenye bomba ndivyo vinavyobanwa fremu inapoketi mahali pake.

Mwache mlezi mwenyewe akunje, apakie na kufungua kiti mara kadhaa kabla ya kulipa. Mishikio ya kusukumia iwe kati ya usawa wa kiuno na wa kiwiko chake. Akiinama kidogo kwa kila hatua, mgongo wake utaharibika kabla ya kiti. Kama njia zenu zina miteremko, tafuta kiti chenye breki za nyaya kwenye mishikio. Zile za pembeni ya magurudumu ni za kuegeshea tu. Ukizivuta kiti kikiwa mwendoni, kitasimama ghafla na mtu atarushwa mbele. Tazama pia kama nyuma, chini, kuna bomba la kukanyagia. Bila hilo, kuinua magurudumu ya mbele ili kupanda ukingo wa barabara hubaki kazi ya mikono na mgongo peke yake. Kushuka ukingo au mteremko mkali, geuza kiti na ushuke kinyumenyume.

Matairi ya hewa ni laini kwenye njia mbovu, ila hutoboka na hutaka pampu. Magumu hayatoboki, lakini mtikisiko wote humfikia aliyekaa. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: breki ya kuegeshea hufanya kazi kwa kukandamiza tairi. Tairi la hewa likilegea, breki haishiki, na kiti huteleza wakati ule ule mtu anapojiinua kuhamia kitandani. Kabla ya kulaumu breki, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi mara nyingi hujisukuma kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Huyo anahitaji kiti cha chini, takribani sentimita 44 au 45 kutoka ardhini pamoja na mto, ili kisigino kiguse chini vizuri, na kikanyagio cha upande wenye nguvu kitolewe. Kiti cha kawaida cha sentimita 50 humlazimisha ateleze mbele kila anapokanyaga. Aliyekatwa miguu yote miwili naye ana shida ya namna yake: uzito wa mbele umepungua, kiti hupinduka nyuma kirahisi. Ekseli ya nyuma isogezwe nyuma zaidi, na vifungwe vigurudumu vya kuzuia kupinduka. Viti vingi vya bei ya chini havina ekseli inayosogezwa, kwa hiyo liulizwe mapema.

Soma kiwango cha juu cha uzito ambacho kiti kinabeba, mara nyingi kati ya kilo 100 na 136, na usikiguse. Mtu wa kilo 95 kwenye kiti cha kilo 100 hajabakiwa na chochote kwa ajili ya mkoba, mto na mishtuko ya njiani. Kama mnatumia gari, mhamishe kwenye kiti cha gari. Kusafiri akiwa juu ya kiti cha magurudumu ni kwa viti vilivyopimwa kwa kiwango cha ISO 7176-19, yaani kiwango cha kimataifa cha viti vya magurudumu vinavyokaliwa ndani ya gari, na vyenye sehemu nne za kufungia.

Akishakijaribu kwa nusu saa hivi, tazama ngozi ya makalio, kifandugu na nyuma ya magoti. Kwenye ngozi nyeusi pia papapase kuona kama pana joto au ugumu usio wa kawaida. Alama isiyoondoka ndani ya dakika 30 ina maana kiti au mto haujamfaa. Hapo mwombe mtaalamu wa tiba kwa vitendo au fiziotherapia avipime upya vipimo.

Nyumbani, upepo wa matairi ukaguliwe kila wiki, na bolti ya katikati ya X kila mwezi, kwani ikilegea fremu huanza kulia na tundu lake kupanuka. Ondoa nywele na nyuzi kwenye ekseli za magurudumu ya mbele. Hizo ndizo huyafanya yatetemeke na kuvuta upande. Kitambaa kikianza kushuka, kikaze au ukibadilishe. Na mtu akinenepa au kukonda kwa kilo kadhaa, chukua tena vile vitabu viwili na tepu.