Kanawe mikono

Leo Alhamisi, na bado. Maneno ya Mudi ya Jumapili hayajanitoka, na nimeyapa kila dawa ninayoijua. Nimefua mapazia. Nimepanga upya kabati la vyombo. Nimewapigia simu watu wawili ambao siku zote nawakwepa. Hayatoki. Basi niyaandike.

Mudi mnamjua, mtoto wa kaka yangu, yule wa gitaa lililovunjika shingo likaungwa kwa gundi ya seremala. Mwezi ujao anatimiza miaka 18 na nimemwahidi kitabu: wasifu mzuri wa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, kazaliwa Unguja. Nataka kitabu khasa cha karatasi, kwa sababu hivi anavyosoma kwenye simu ni vijineno vya watu wanaonakiliana. Zuhra anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Leicester, Uingereza. Sanduku lake, kama kawaida, limeshajaa viatu vya watu. Kanipa nafasi ya kitabu kimoja. "Kimoja, dada, tena kisiwe kinene kama msahafu wa msikitini." Na jina la kitabu anataka kulipata kabla ya kesho usiku ili akiagize kimfikie.

Basi Jumapili tulikuwa jikoni, mimi nageuza mkate wa ufuta, yeye anaula kabla haujapoa. Nikawa namweleza ninavyovipima vitabu vya aina hii. Nikamwambia, mimi sianzi mwanzo, nafungua kwanza pale penye Unguja. Mwandishi akinichezea pale, namrudisha rafuni. Mudi akanisikiliza vizuri, akatafuna, akameza nusu, na kwa ile nusu iliyobaki mdomoni akasema:

"Lakini Shangazi, kwani wewe unampenda Freddie, au unapenda tu kuwa kazaliwa kwetu?"

Nami nikamjibu: "Kanawe mikono."

Hayo tu. Mimi, mwenye mdomo ambao ukoo mzima unaujua, mimi niliyewahi kumnyamazisha mshenga mbele ya watu, nimeulizwa swali na mtoto mwenye ufuta kidevuni nikamtuma kunawa mikono. Na akaenda! Akarudi na mikono misafi, akachukua kipande kingine, habari ikaisha. Kwake yeye.

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa ananichokoza ningemjua. Alisema kama mtu anayekujulisha kuwa umejifunga kanga jina juu chini. Tangu hapo nimelichambua lile swali neno moja moja. "Kwani" naliweza. "Kwetu" halina neno, ni kwetu kweli. Linalochoma ni hilo "tu".

Sasa niseme kipimo changu, mnihukumu wenyewe. Vitabu vingi juu ya Queen vina Unguja ya ukurasa mmoja: karafuu, minazi, watumishi wa nyumbani, jua linazama, na mwisho wa ukurasa mtoto ameshapandishwa meli kwenda India. Yaliyo hakika ni machache, na kwangu yanatosha kunipendeza. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946, hospitali ya Serikali, wazee wake Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu. Hapo ndipo ninapowakamata waandishi. Wengine huandika "ofisa wa Serikali ya kikoloni" wakapita zao. Jamani, keshia! Mimi nimeshika vocha miaka 24. Najua mtu anayehesabu fedha ya Serikali mchana kutwa anarudi nyumbani na sura gani, na anaona nini mwanawe akimwambia anataka kuimba. Kitabu kinachoandika "keshia" nakipa alama. Kitakachokaa na huyo keshia kurasa tano bado sijakiona, na siku nikikiona nitakinunua hata kwa mkopo wa kikundi.

Kipimo cha pili ni Oktoba 1984, Sun City. Nakwenda kwenye faharasa, natafuta herufi S. Queen walikwenda kupiga muziki huko Bophuthatswana, kijinchi kilichoundwa na Makaburu ndani ya Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, dunia imewaambia wasiende, na chama cha wanamuziki cha kwao Uingereza kikawatoza faini. Wakati huohuo hapa kwetu, pale Mazimbu, Morogoro, watoto wa wakimbizi wa ANC walikuwa wanasoma katika shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Mwandishi anayelipitisha jambo hilo kwa sentensi moja, "ziara iliyoleta maneno kidogo", mimi na yeye hatujuani tena. Simwombi amtukane mtu. Naomba aniambie nani katika wale wanne alitaka kwenda, nani alisitasita, na walipoulizwa baadaye walijibu nini. Kuwapenda nawapenda, lakini wakikosea nataka nijue walivyokosea.

Cha tatu ni ile filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, iliyomwingiza Mudi kwenye maradhi haya. Filamu inamwonyesha Freddie akiwaambia wenzake kuwa anaumwa kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley, Julai 1985. Jim Hutton, aliyeishi naye, aliandika kitabu chake mwaka 1994, na kwake habari hiyo ni ya 1987. Filamu inaonyesha pia kuwa bendi ilikuwa imevunjika na vidole vimeota kutu, wakati miezi miwili tu kabla walikuwa Japan wanamalizia ziara. Zile dakika 21 za Wembley hazikushuka kutoka mbinguni, zilitoka kwenye mazoezi. Kwa kijana anayetaka kupiga gitaa, kitabu kisichomwambia hivyo kinamdanganya mahali pabaya.

Kile cha Hutton, kwa njia, ninacho, na nakipenda: paka, bustani, samaki wa bwawani, mtu anaumwa nyumbani kwake. Lakini ni kitabu cha mapenzi na msiba, si cha bendi. Siwezi kumpa Mudi akaanza na kifo. Kile rasmi cha bendi cha 1992, kilichotoka mwaka mmoja baada ya Freddie kufariki, nacho nimekisoma. Kina tarehe na kina adabu. Adabu imezidi. Kinasomeka kama wasifu wa marehemu unaosomwa mbele ya wafiwa, na nani atasema ukweli wakati mama wa marehemu kakaa safu ya mbele?

Mnaona? Nimeandika yote hayo, na swali la Mudi bado limekaa palepale, limekunja miguu.

Maana nikihesabu, mtoto ana haki yake. Freddie alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, mwaka 1955, ana miaka minane. Akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata yalipotokea Mapinduzi familia ikahamia Uingereza, Feltham. Toa likizo, jumlisha unavyotaka, sisi tuna miaka tisa au kumi, na mingi katika hiyo alikuwa bado anavishwa viatu. Piano alijifunza Panchgani. Bendi yake ya kwanza ya wavulana wa shule ilikuwa Panchgani. Jina lenyewe la Freddie alianza kuitwa huko. Wapanchgani ndio wangekuwa na haki ya kufungua kitabu na kudai kurasa zao, lakini sijapata kumsikia Mpanchgani akimsumbua mtu jikoni. Na sisi tunaodai, nusu ya jamaa zangu hawataki jina lake litajwe mezani. Mwaka 2006 iliposemwa ifanyike sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, mnakumbuka wenyewe zogo lililokuwepo.

Jumatano tukatangaziwa kuwa idara yetu inahamia Dodoma kabla ya Julai, na Bimkubwa akatolewa mtoto wa jicho la kulia, salama, alhamdulillahi. Mimi pale kwenye benchi la kungojea nilikuwa nawaza ningemjibu nini Mudi.

Na jibu likanijia, wallahi, pale kwenye benchi, hata dada wa mapokezi akanitazama nilivyocheka. Kaseti! Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1984, nina miaka 13, alituletea kaseti ya mkusanyiko wao wa 1981. Ile sauti ya kwanza iliyonishika haikuwa ya Freddie. Ilikuwa besi. Ule mdundo wa "Another One Bites the Dust", unaotembea kama mtu anayeshuka ngazi gizani na hana haraka. Nilikuwa naupiga kwa vidole kwenye dawati mpaka mwalimu wa hesabu akanitoa nje. Na habari ya kuwa mwimbaji kazaliwa kwetu niliipata Freddie alipofariki, Novemba 1991, ndiyo kwanza mtaani watu wakaanza kuambizana. Miaka saba nimewapenda bila kujua! Miaka saba, Mudi! Tena niliyempenda alikuwa yule mkimya wa pembeni, John Deacon, aliyeutunga wimbo ule na kuupiga, aliyejiunga wa mwisho mwaka 1971 na kujiondolea zake mwaka 1997 bila kuaga kwa ngoma. Na huyo kakulia Oadby, ubavuni mwa Leicester. Leicester ya Zuhra! Miaka kumi na moja Zuhra anakaa mji ule na hajui. Nilipomwambia jana akasema, "Nani? Ana duka?"

Nilitoka hospitali mwepesi kama niliyelipwa deni. Kwenye bajaji nikamsimulia Bimkubwa yote, jicho limefungwa, mkono kaushika begani kwangu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Kaseti ile ilikuwa ya Boney M."

"Mama, ilikuwa ya Queen."

"Boney M. Ami yako aliileta kwa sababu mliililia, pamoja na ya Abba. Hao wanaume wako ulianza nao ulipokwenda chuo Dar."

Chuo nilikwenda mwaka 1992.

Mama yangu ana miaka 77, jicho moja, na kumbukumbu inayojua bei ya mchele ya mwaka aliozaliwa kila mjukuu. Mimi nina kaseti ambayo haipo, na dawati ambalo haliwezi kutoa ushahidi. Mwalimu wa hesabu keshafariki. Nilitaka kubishana, nikatazama ile bandeji, nikanyamaza. Lakini niliona kitu. Hivi ndivyo vitabu hivi vinavyoandikwa, bwana! Mmoja anasema mwaka huu, mwingine anasema ule, na wote wawili walikuwemo ndani ya nyumba. Mwandishi mbaya anachagua hadithi iliyo tamu, kama nilivyofanya mimi kwenye benchi. Mwandishi mzuri anamweka Bimkubwa na Boney M wake hapo hapo kando yangu, msomaji atuone wote.

Kwa hiyo nimechagua kile cha Mark Blake cha 2010. Ni mwandishi wa habari za muziki, hakuajiriwa na bendi, na wanne wote wamo pamoja na vibendi vyao vya ujanani, vya Cornwall, vya Middlesex, na cha Leicester. Brian May na babake wanachonga gitaa kwa mbao za fremu ya meko ya zamani: hapo Mudi atakaa siku tatu, namjua, na lile gitaa lake la gundi litapata heshima mpya. Unguja? Unguja imo kwa kiasi chake. Nimejizuia kuzihesabu kurasa. Sawa, nilianza kuhesabu nikaacha.

Zuhra nimemtumia jina la kitabu saa mbili usiku. Akajibu kwa sauti, dakika nne, dakika tatu na nusu ni za viatu. Mudi naye akapita kuniazima chaja, nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia kitabu kimepatikana. Akafurahi, akanibusu mkono. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, "Lile swali lako la Jumapili, ulikuwa na maana gani?"

"Swali gani?"

"Basi. Nenda."

Sasa ni saa tatu na nusu, na kuna jambo jingine kabisa linanitia wasiwasi tangu nianze kuandika. Pampu ya maji inanguruma huko nyuma. Iliwashwa magharibi, na tangi letu hujaa kwa dakika arobaini, kisha utasikia maji yanamwagika juu ya bati. Leo sijasikia bati. Ama bomba limepasuka mahali, ama kisima kimekauka na pampu inavuta hewa, na ile ya kwanza iliungua hivyo hivyo, Ramadhani, fundi akataka laki tatu na nusu. Tochi alikuwa nayo Mudi.