Kutoka Nairobi mpaka Lari, nikifuata kazi ya Jaji Carter

Nilianzia mjini, kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Nilikuwa nataka ushahidi wa Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya enzi za ukoloni, nikaletewa vitabu vitatu vizito kweli, kurasa kwa kurasa za wazee wakieleza hili shamba ni la mbari (ukoo) gani, nani alimuuzia nani, mpaka uko mti gani. Mwenyekiti wao Sir Morris Carter.

Huyu mzungu alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda 1912 hadi 1920, halafu Tanganyika mpaka 1924. Ungedhani baada ya hapo angepumzika, kumbe kazi kubwa ndio ilikuwa inaanza. 1925 akaongoza tume Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, akapendekeza ardhi igawanywe kwa rangi, 1930 ikawa sheria. 1932 akaletwa kwetu. Wenzake wawili tu, Hemsted aliyekuwa mkuu wa mkoa na Wilson ambaye ni setla, Mwafrika hakuna! Na tayari 1921 mahakama ya Jaji Mkuu Barth ilishaamua kwamba sisi ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, muda wowote unatolewa.

Nikapanda matatu ya Limuru. Ruaka siku hizi ni maghorofa matupu, ukipita Banana hewa inabadilika, halafu Tigoni hiyo, majani chai pande zote yamekatwa juu sawasawa. Nilishuka nikatembea kidogo kando ya barabara, udongo mwekundu, mzuri, unashika viatu. Hapa palikuwa na Wakikuyu waliozungukwa na mashamba ya wazungu, tume ikasema wahamishwe wapewe ardhi Lari, na kufikia 1940 walishatolewa. Wengine walikubali wakiongozwa na Luka Wakahangare, wengine wakakataa katakata, na hao waliokataa ndio walioumia zaidi kwa sababu ardhi ya Lari ilishagawiwa wenzao.

Matatu nyingine mpaka Kimende, huko Lari. Jamani baridi! Ukungu saa saba mchana, kando ya barabara magunia ya viazi, kabichi, karoti. Nikamsalimia guka (babu) mmoja aliyekuwa anapanga viazi kwenye ndoo, nikamwambia nimetoka Tigoni kuangalia kule watu walikotolewa.

"Umeona chai ya kule?" akaniuliza. "Sasa angalia mahindi yetu, mwaka unaisha bado yako shambani."

Hakuongeza neno, akarudi kwa viazi vyake.

Kinachoniuma ni kwamba wale wazee hawakukaa kimya, walienda mbele ya tume, wakaapa, wakataja mababu zao mmoja mmoja na yote yakaandikwa vizuri kabisa. Halafu ripoti ya 1934 ikawaongezea ardhi kidogo na kusema hiyo ndiyo fidia, madai yote ya Wakikuyu yamefungwa moja kwa moja, na nyanda za juu zikabaki za wazungu. Usiku wa 26 Machi 1953 Lari iliwaka moto, Mau Mau wakamuua Luka pamoja na watu zaidi ya 70, wengi wao kina mama na watoto, kisha kisasi cha upande wa serikali kikaua wengine wengi. Carter alikuwa ameshaondoka Kenya kitambo.